Riwaya ya mapenzi ya Kikristo, Freretown na Rabai miaka ya 1880: huyu msichana wangu kweli ni mkaidi kupita kiasi?

Binti_Kisauni

Hamjambo wapenzi wa vitabu. Naomba mnivumilie maana ni ndefu. Nina mwaka wa tatu sasa naandika riwaya, ni ya mapenzi, ni ya Kikristo, na ni ya zamani, inaanza 1875 Freretown huku kwetu Kisauni, Mombasa, na inaishia Rabai, misheni ya karibu na hapa, tarehe 1 Januari 1889. Mimi nimekulia karibu na ile kengele ya Kengeleni, nilikuwa napita hapo na matatu kila siku nikienda shule na nilikuwa najua tu ni steji, mpaka nilipokuwa mtu mzima ndio nikaelewa kwamba hapo ndipo watu walioshushwa kwenye majahazi ya watumwa walipewa mahali pa kuanza upya, na kengele ilikuwa inapigwa kuwaonya wakati hatari inakuja. Siku hiyo nilirudi nyumbani sikula. Ndio riwaya ikaanza.

Stori ni hivi. Manowari ya Waingereza inakamata jahazi, kuna mtoto wa kike wa kama miaka 12, anashushwa Freretown na wenzake. Jina alilopewa na mamake hamwambii mtu, hata msomaji hajui. Huko utumwani walimwita Faida, unajua watumwa walikuwa wakipewa majina kama hayo, Faida, Zawadi, Tabu. Akibatizwa anaitwa Rebeka. Anajifunza kusoma, anajifunza kushona, anakuwa anasaidia kufundisha watoto wadogo. Akifika miaka 19 mmisionari anamchagulia mume, mwinjilisti, mgane, mtu mcha Mungu kabisa hana baya lolote, na Rebeka anasimama mbele za watu anasema hapana. Hana mwanamume mwingine, bado. Anasema hapana kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Kijana atakayempenda anakuja baadaye, huyo ni Mbombay, wale waliookolewa baharini wakapelekwa India wakasomeshwa Nasik halafu wakarudishwa huku, anavaa viatu, anajua Kiingereza na Kihindi, na mwanzoni anawaona hawa mateka wapya, yaani waliookolewa majuzi kwenye majahazi, kama washamba.

Sasa tatizo. Niliwasomea kina mama wa grupu letu la maombi sura tano, wengi walilia kwenye jahazi lakini wakifika pale kwenye hapana wakanyamaza, mmoja akaniambia huyu si mfano mwema kwa mabinti zetu. Halafu mhariri mmoja niliyempelekea akaniandikia kwamba msichana ni mkaidi mno, wasomaji wa vitabu vya Kikristo wanataka binti mpole, nimpunguze. Na kuna mwingine akasema kinyume chake, kwamba mwanamke wa wakati ule hangethubutu kabisa, namtia maneno ya leo mdomoni.

Kwa hivyo nauliza mnaosoma na mnaojua historia. Je, msichana kama huyo angeweza kusema hapana wakati ule? Na je, mwanamke akiwa na nguvu hivyo riwaya inaacha kuwa ya Kikristo? Na la mwisho, sura ya 14 inanisumbua, hapo nimewatenganisha hawa wawili kwa barua iliyopotea na kila nikiisoma naona ni kama uongo.

NeemaMsomaji

Dada mimi si mtaalamu wa historia, mimi ni msomaji tu, nasoma riwaya za mapenzi tangu niko darasa la saba nikizificha chini ya godoro. Naomba nianze na hilo la mwisho kwa sababu limeniuma. Barua iliyopotea, HAPANA. Nimeshasoma barua zilizopotea za kutosha, mara imeliwa na panya mara dada mwenye wivu ameichoma, na kila mara naona mwandishi alichoka akatafuta njia ya mkato. Mtu ambaye hajataja jina lake miaka kumi na kitu hawezi kutenganishwa na mpenzi wake kwa karatasi. Tafuta kitu kikubwa kama yeye.

Kuhusu ukaidi mimi nakuomba usimguse. Unajua kwa nini vitabu vingi vya mapenzi vya kanisani navianza na sivimalizi? Msichana anakaa anangoja. Anaomba, anangoja, mwanaume anaokoka, wanaoana. Hakuna siku anaamua kitu. Huyu wako ameamua ukurasa wa hamsini tu huko na mimi tayari nataka kujua atalala wapi usiku huo, maana kama nyumba ni ya misheni na shamba ni la misheni, ukimkatalia mmisionari unalala wapi?

Halafu swali, mapenzi yenyewe umeyaandikaje? Maana Mbombay na Rebeka hawawezi kushikana mikono barazani. Mimi napenda ile ya kuzunguka zunguka, mfano anajua zamu yake ya kuteka maji ndio naye anajikuta ana shughuli njia ile. Ukiweza kunifanya nitetemeke kwa ndoo ya maji basi wewe ni mwandishi.

MwlMstaafu_Muheza

Binti, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimezaliwa na kukulia kwenye misheni huku Muheza karibu na Magila, na bibi mzaa mama alikuwa akisimulia habari za mateka kwa sababu yeye mwenyewe alizaliwa na mateka. Nitajibu swali la kwanza kwa urefu kidogo maana ndilo ninaloliweza.

Anayesema mwanamke wa wakati ule hangethubutu hajakutana na habari za Swema. Huyu ni mtoto wa Kiyao, alikuwepo kweli, miaka ya 1860. Alichukuliwa na msafara yeye na mama yake, mama akaishiwa nguvu njiani akaachwa afe, mtoto akafika Unguja akiwa mifupa mitupu, wakamwona amekufa wakamviringisha kwenye mkeka wakamfukia, shimo fupi tu. Usiku kijana mmoja akapita akasikia sauti. Akamfukua akampeleka kwa masista wa Kikatoliki hapo Unguja. Akapona. Sasa sikiliza kinachokuhusu wewe mwandishi. Baadaye analetwa pale kwa masista mtu aliyejeruhiwa, na Swema akienda kumhudumia anamtambua, ni yule yule mfanyabiashara wa watumwa. Akashindwa. Alipigana na nafsi yake vibaya sana kabla ya kumhudumia na kumsamehe, na alisimulia mwenyewe, maneno yake yakaandikwa na kuchapwa Ufaransa 1870. Ile vita ya ndani ndiyo ukristo wake, mwanangu. Angemsamehe dakika ile ile kama malaika nisingemwamini, na nadhani hata masista wasingemwamini.

Kwa hiyo nguvu ilikuwepo. Ila Neema ameuliza swali la maana kuliko yote, atalala wapi. Wamisionari walipanga ndoa, hilo si siri, Bagamoyo mapadre waliofika 1868 walijenga kijiji cha Kikristo cha vijana waliowaoza wao wenyewe, na Mbweni kule Unguja mabinti wa shule ya Bibi Thackeray wengi waliolewa na walimu waliotoka shule ya wavulana ya misheni kule Kiungani. Nyingine zilikuwa ndoa nzuri za kupendana kweli. Lakini fikiria msichana hana baba wala mjomba, hana ukoo wa kukimbilia, mlezi wake ni misheni na mwajiri wake ni misheni. Akisema hapana ana nini cha kusimamia? Usimpe ushindi wa bure. Mpokonye darasa la watoto. Mrudishe kwenye jembe shambani miezi sita, wenzake waogope kukaa naye kanisani, hapo ndipo msomaji atajua hapana yake ilikuwa na uzito gani. Na usiwafanye wazungu wote waovu wala wote watakatifu. Freretown hapo hapo mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi mlei alilalamikiwa kwa kuwachapa watu viboko mpaka ukafanyika uchunguzi, na mahali hapo hapo walikuwepo waliofia homa wakiwauguza wengine.

Mambo madogo. Usimvishe kanga yenye maneno, kanga za majina zimekuja mwanzoni mwa karne ya 20. Mpe vitambaa vya wakati ule, merikani au kaniki. Na akisoma Biblia usimnukulie hii yetu ya 1952, Biblia nzima ya Kiswahili haikuwepo mpaka 1891, msichana wako alikuwa na vitabu vya vipande, Injili, Zaburi, kazi ya watafsiri akina Askofu Steere. Hilo lisikusumbue, lina uzuri wake, mtu mwenye kipande kimoja tu cha kitabu anakisoma mpaka anakijua kwa moyo.

Na la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Umemwita Rebeka. Umeisoma Mwanzo 24 yote? Mtumishi wa Ibrahimu ameshaleta dhahabu, kaka na mama wameshakubali, kila kitu kimekwisha, halafu kuna mstari wa 57, "Tumwite huyo msichana, tumwulize mwenyewe." Wakamuuliza, utakwenda na mtu huyu? Akasema, Nitakwenda. Mwanangu, aliulizwa. Jina ulilompa lina jibu la mhariri wako ndani yake.

Mtumishi_J

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi nipo chuo cha biblia mwaka wa pili na nitasema tofauti kidogo, dada usiichukulie vibaya. Naelewa mateso aliyopitia binti, lakini riwaya ikiitwa ya Kikristo inafundisha, tupende tusipende. Mabinti wa kwaya watakisoma hicho kitabu. 1 Petro 3:4 inasema roho ya upole na utulivu ni ya thamani kuu mbele za Mungu. Sasa binti amelelewa, ameokolewa kutoka baharini, amefundishwa kusoma, anasimama mbele ya kanisa anamuaibisha mtumishi wa Mungu ambaye wewe mwenyewe umesema hana baya. Huyo mgane naye ni mtu. Naye ana moyo. Naye inawezekana ni mateka pia, hujatuambia. Umemfikiria usiku ule yeye alilalaje?

Mwalimu nimeheshimu sana maelezo yako na nimejifunza, shikamoo.

Abu_Majengo

Assalaam alaykum jamaa zangu. Mimi ni Mwislamu wa hapa Mombasa na riwaya za kanisani sizisomi sana, ila historia ya mji huu naipenda na nimefurahi mwanadada anaandika habari za Kisauni, watu wengi wanaiona Freretown ni jina la mtaa tu.

Ombi langu moja. Usimfanye kila mtu mwenye kanzu kuwa adui. Wengi wa waliokuwa watumwa mjini hapa walikuwa Waislamu wenyewe, wanaswali, wanafunga. Na hao watoro, watumwa waliokimbia mashambani wakaenda kujificha Rabai hawakuwa wote wametafuta dini mpya, walitafuta pa kulala bila kuogopa. Mweke hata bibi mmoja jirani, Mwislamu, ambaye anampa huyu mtoto maji bila kuuliza. Watu kama hao walikuwepo, vinginevyo watoro wangefikaje Rabai mchana na usiku bila mtu kufumba jicho? Na Wagiriama pia wasisahauliwe, kulikuwa na makazi ya watoro kule Fuladoyo chini ya David Koi, Mgiriama Mkristo, aliuawa 1883.

Viatu ulivyomvisha huyo Mbombay umefanya vizuri. Mtumwa alikuwa haruhusiwi kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Kwa hivyo mtu mweusi anapita Kisauni na viatu miguuni, kila anayemuona anajua hiyo ni habari. Msichana wako aangalie viatu kabla ya uso.

Binti_Kisauni

Nimesoma zote mara mbili, nimesimamisha kazi ya jikoni kabisa watoto wamekula mkate na chai jioni hii.

Mwalimu shikamoo na asante. Nitasema ukweli wangu hapa, jina Rebeka nililichagua kwa sababu ni jina la nyanyangu, sikuwa nimefikiria Mwanzo 24 hata kidogo. Nimeifungua nikasoma mpaka mstari wa 58 nikafunga nikakaa kimya. Miaka mitatu naandika juu ya msichana ambaye shida yake ni moja tu, kwamba tangu achukuliwe kwao hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anataka nini. Walimchukua bila kumuuliza, wakamuuza bila kumuuliza, hata waliomuokoa hawakumuuliza, na jina wakampa bila kumuuliza. Na jina lenyewe walilompa ni la yule aliyeulizwa. Yeye anasaidia kufundisha watoto, hadithi ya Isaka na Rebeka atakuwa ameifundisha. Kwa hivyo anaijua. Kwa hivyo siku ya ile hapana hajibu kwa hasira, anamwambia mmisionari, Bwana, mbona yule mwingine mlituambia aliulizwa?

Mtumishi J sijakuchukulia vibaya, na umenipata mahali. Ule usiku wa yule mgane sijauandika. Nilimtumia kama mlango wa kufunga tu. Lakini upole nitakujibu, mimi sioni kwamba upole ni kunyamaza. Mtu aliyenyamazishwa kwa mnyororo hatuwezi kuita unyamavu wake upole, hana kingine. Upole unaanza siku ana uwezo wa kusema. Nataka msomaji aone Rebeka akijifunza upole, ndio, lakini ajifunze akiwa huru.

Neema, ndoo ya maji ninayo! Lakini si yeye anayeteka. Kuna mahali Mbombay anajaza mtungi wa yule mama mzee mlemavu kila alfajiri kabla ya kengele na hajui kuna mtu anamuona. Wiki tatu Rebeka anamwangalia. Viatu amevivua ameviweka pembeni visilowe. Abu hiyo ya kuangalia viatu kwanza nimeichukua, na yule bibi jirani pia ataingia, ahsante sana.

Ila sura ya 14 bado. Barua nimeshaifuta lakini sina cha kuweka.

Mjukuu_wa_Rabai

Niko hapa dada. Familia yetu ni ya Rabai, babu wa babu yangu alikuwa mtoro, alifika pale na nguo moja. Nimekaa nikisoma kimya lakini hii ya sura ya 14 siwezi kunyamaza kwa sababu jibu lako liko Rabai na limekaa pale zaidi ya miaka mia.

Wewe unasema kijana ni Mbombay. Sawa. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa daraja la ushemasi wawili katika hao Wabombay, William Jones na Ishmael Semler. Mwaka huo huo mwezi wa saba askofu akaondoka Rabai kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini, msafara wa wapagazi kama mia mbili hivi, na Jones akiwa naye. Kijana wako awe ndani. Awe mpagazi au karani, ana sababu gani utajua wewe, labda anataka pesa ya kujenga, labda anataka kumuonyesha Rebeka kwamba yeye si mtu wa viatu tu. Wakafika Kwa Sundu, hiyo ni Mumias ya leo. Hapo askofu akachagua watu kama hamsini akatangulia nao, akamwacha Jones na waliobaki wangoje. Mwisho wa Oktoba askofu akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga na karibu wote aliokwenda nao. Walionusurika ni wachache sana, ndio walioleta habari kwa Jones.

Sasa fikiria Rabai. Hakuna simu wala orodha. Kila mwanamke mwenye mtu kwenye ule msafara anajua kitu kimoja, kuna hamsini waliotangulia na kuna waliobaki nyuma, na hajui wake yuko upande upi. Mapema 1886 msafara unarudi. Wanaonekana mbali, mstari wa watu waliochoka vibaya, na mbele yao kuna bendera ya buluu, imeandikwa kwa herufi nyeupe neno moja, IKABODI.

Hiyo ni kweli, si ya kutunga. Jones ndiye aliyerudi na bendera hiyo. Na wewe Rebeka wako anajua kusoma. Wanawake waliosimama naye wengi hawajui. Watamwuliza, mwanangu imeandikwa nini pale?

NeemaMsomaji

Nimepata baridi mwili mzima. Nimeandika nikafuta nikaandika tena. Yaani wote wanamgeukia yeye kwa sababu ndiye anayejua kusoma na yeye ndiye ambaye hataki kujua. Dada ukiandika hiyo vizuri mimi nitanunua nakala tano nigawe.

Mtumishi_J

Naomba niongeze kitu hapa maana neno hilo tulilifanyia kazi darasani muhula uliopita. Ikabodi ni 1 Samueli 4, mstari wa 21. Watu wengi wanakumbuka tu maana yake, utukufu umeondoka. Wanasahau aliyelisema. Ni mwanamke. Mke wa Finehasi, ana uchungu wa kuzaa, ameambiwa mumewe amekufa na mkwewe amekufa na sanduku la Mungu limetekwa, anazaa, wanawake waliomsimamia wanamwambia usiogope umezaa mtoto wa kiume na yeye hajibu. Anampa mtoto jina basi, anakufa. Rebeka akiisoma ile bendera anasoma neno la mwanamke aliyempoteza mume. Sijui kama hilo linakusaidia.

Na Mwanzo 24 nimeirudia. Nakubali nusu, dada. Kuulizwa ni haki, Maandiko yako wazi, sitabishana na mstari. Nusu ninayobaki nayo ni yule mgane. Hakustahili aibu ile mbele ya watu, kosa la kutouliza lilikuwa la mmisionari zaidi. Nadhani anadaiwa neno. Akienda Rebeka siku moja kumwomba radhi kwa namna alivyosema, bila kuomba radhi kwa alichosema, mimi nitakitetea kitabu chako popote.

MwlMstaafu_Muheza

Mtumishi, umesema neno kubwa hapo mwisho. Binti litunze.

Na mimi nina wasiwasi mmoja juu ya mwisho, ule wa 1 Januari 1889. Nimekumbuka siku ile ndiyo Mackenzie wa kampuni ya Waingereza alitoa hati za uhuru pale Rabai, watoro zaidi ya 1,400, baada ya kampuni kukubali kuwalipa fidia mabwana waliokuwa wakiwadai kuwa watumwa wao. Ni siku ya furaha lakini ina mwiba, maana mtu anaambiwa uko huru kwa sababu umelipiwa. Rebeka wako hahitaji hati hiyo, yeye alishaachwa huru tangu 1875. Kwa nini umemaliza hapo?

Binti_Kisauni

Mwalimu kwa sababu ya huo mwiba hasa. Siku hiyo yeye ndiye anayewasomea watu hati zao. Foleni ndefu, jua kali, anasoma jina baada ya jina. Anafika mama mmoja mzee ambaye anamuuliza, mwanangu hapo wameandika nimelipiwa kiasi gani? Anataka kujua bei yake. Na Rebeka amesikia kanisani miaka yote mstari ule wa Wakorintho, mlinunuliwa kwa thamani, na hajawahi hata siku moja kuupenda, kila ukisomwa alikuwa anatazama chini, maana yeye alinunuliwa kweli, kwa vitambaa, anakumbuka hata rangi. Hapo kwenye foleni ndipo mstari unamgeukia. Anamwambia yule mama hapa hakuna bei. Anaangalia tena karatasi, anamwambia, hapa kuna jina lako tu. Sitaandika kwamba alielewa kitu gani. Nitaandika kwamba yule mama aliikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la kaniki yake akaondoka.

Mjukuu wa Rabai sijui nikushukuru vipi. Nimekulia umbali wa matatu moja kutoka Rabai na sikuwa na habari na bendera ile. Sura ya 14 sasa ninayo. Wanawake watamuuliza imeandikwa nini na atawasomea, kwa sauti, mpaka wa mwisho kabisa nyuma asikie, halafu ndipo ataanza kuangalia miguu ya wanaume wanaopita kwenye mstari, mmoja mmoja, akitafuta viatu.

Mtumishi J, yule mgane nimemwandikia ukurasa wake leo asubuhi. Ni mateka pia. Mke wake wa kwanza alimchagua mwenyewe, kabla ya jahazi.

NeemaMsomaji

Viatu!! Jamani. Sasa amerudi au hajarudi? Na jina lake la kwao, lile la mamake, utatuambia lini?

Binti_Kisauni

Amerudi, Neema. Bila viatu, ndio maana anampita Rebeka na Rebeka hamuoni, ni kijana anayesimama na kumwita. Siku ya harusi mchungaji anauliza je, unakubali, na Rebeka kabla ya kujibu anamwinamia kijana sikioni anamwambia jina lake la kwao, halafu anasema ndiyo kwa sauti. Msomaji hatalisikia. Nimejaribu kuliandika mara nyingi na kila mara nalifuta, si langu kulitoa.